Kompyuta ya Marehemu Sylvère

Jumapili, 11 Agosti 2024

Leo baada ya misa Népomuscène amekuja na ufunguo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu — na mkuu wa ukoo, jambo analolikumbusha hata akiomba maji ya kunywa. Amechuchumaa mbele ya kabati, amefungua lile kofuli alilolitia mwenyewe kesho yake ya mazishi. Mwaka mzima sikuligusa. Hata vumbi lake nililipangusa kwa ncha ya kitambaa, wasije wakasema.

Kompyuta ya Sylvère imo kama tulivyoiacha, ndani ya kitenge changu cha kijani.

Jumamosi ya tarehe 24 ni kuganduka. Tunavua kilio! Ukoo mzima utakuja hapa Kanyosha, watakunywa, watahutubia — Warundi na hotuba! — halafu watasikiliza irage, yale maneno ya mwisho ya marehemu: nani abaki na nini, nani alee nani. Wengine huyasema kitandani mbele ya wazee. Sylvère wangu, mtu wa bandarini, mtu wa makaratasi na mihuri, hakutaka wazee wamtazame alivyokonda. Alimwita Shaabani, mwenzake wa kazi, wakafunga mlango, akasema yote mbele ya kompyuta, ikamrekodi. Mimi nilikuwa jikoni na uji wake. Baadaye akaniambia utasikia siku ya kuganduka, wewe pamoja na wengine. Juma lile lile akafariki.

Nakala hakuna. Népomuscène alikataza: irage haichezewi, haisikilizwi kabla ya siku yake, mashine ifungiwe, asiiguse mtu. Sote tukasema ego, ndiyo. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Sasa ameniachia niichaji. "Mama Amandine, uichunge sana hii. Ukoo muzima unaingojea." Halafu akatazama dari. Akatazama kuta, akatazama tena dari. Anaipima nyumba yangu huyu! Simpendi kabisa akitazama hivyo.

Niandike wazi, hapa hakuna anayesoma: naogopa. Mimi ni mwanamke wa Uvira, Kongo, nina binti mmoja tu, Amandine, yuko masomoni Gitega. Kiwanja ni cha ukoo wao. Sylvère asiponitaja kwa mdomo wake mwenyewe, wataniondoa. Nitarudi Uvira na nani? Kwa nani? Kila nilicho nacho kimo ndani ya hiyo mashine.

Nimeichomeka. Taa ndogo imewaka. Haya, nikalale.

Jumatatu, 12 Agosti

Haiwaki!

Yaani inawaka — inaonyesha jina la kiwanda, viduara vinazunguka, halafu ukurasa wa bluu wenye uso wa huzuni, na Kifaransa kingi: eti imepata tatizo. Inajizima. Inajiwasha. Viduara. Bluu. Nilikuwa nataka kuona tu kama chaji imejaa, sikutaka kusikiliza, Mungu shahidi. Nimeitazama ikirudia hivyo mpaka ugali ukaungua.

Mimi ni muuguzi. Nimepokea watoto kwa mwanga wa simu, nimeshona watu waliokatwa na panga, mkono wangu hautikisiki. Leo umeogopa kitufe.

Nimwambie Népomuscène? Apana! Atasema nilijaribu kusikiliza kabla ya siku. Watasema wote: mwanamke wa Kongo kaua maneno ya ndugu yetu, alijua hayakumpendelea. Ndivyo watakavyosema, hata mimi ningesema hivyo. Nimeirudisha ndani ya kitenge, nimeifunika na blanketi, kana kwamba ina homa.

Jumanne, 13 Agosti

Mwenzangu wa zamu kanielekeza kwa fundi mmoja, Maxime, huko Rohero, mjini kati. Petroli hakuna mjini, mabasi hakuna, nimekwenda kwa miguu. Kompyuta ndani ya kikapu, juu yake lengalenga, nisikutane na mtu wa ukoo. Nimekutana na wawili! Wameuliza mboga bei gani.

Huyu Maxime ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ndevu amezichonga kwa uangalifu kuliko anavyopanga meza yake. Duka liko ghorofa ya kwanza ya jengo la vitambaa. Kaitazama ile bluu, kasema ni Windows imeharibika, si neno, tutaweka nyingine. Kachomeka clé yake, kile kijiti cha USB. Ikaanza kuuliza maswali — lugha, saa, kukubali masharti. Anabonyeza bila kusoma. Mimi nimekaa pembeni, natulia, nasema kumbe ni kitu kidogo tu.

Halafu akaacha kubonyeza.

"Maman, disque haiko."

Haiko vipi?

"Hapa ingetakiwa kutuonyesha disque, ili tuchague ni wapi tunaweka Windows. Angalia. Hakuna kitu." Sehemu ile ya skrini ilikuwa nyeupe, tupu. Maandishi chini yalisema hakuna diski iliyopatikana. Kazima, kawasha, tupu. Kajaribu tundu lingine la clé, tupu.

Nikamuuliza, kwa kutaka kujua tu: na kama ingeonekana, ungefanya nini?

"Ningefuta yote, niweke mupya. Iko propre, safi zaidi."

Na video iliyomo?

"Video gani? Maman, haukuniambia kama muko kitu!"

Ni kweli. Sikumwambia. Nilificha, nikidhani kuficha ndiyo akili! Kama ile diski ingejionyesha leo, Sylvère angefutwa mbele ya macho yangu, na mimi ningesema asante sana. Ilibidi nikae chini kwenye ngazi. Maxime kaniletea maji.

Nimemweleza kila kitu. Kasema hatabonyeza tena chochote bila kuniuliza. Kompyuta nimeiacha kwake. Sijui kama nimefanya vizuri. Nimerudi na lengalenga langu.

Jumatano, 14 Agosti

Sikufanya kazi leo, nilikuwa tu pale nimevaa koti jeupe. Wazo moja lilinikaa kichwani: diski haiko kwa sababu mtu ameitoa. Nani alikuwa na ufunguo mwaka mzima? Nani anapima dari yangu? Nilimwandikia Maxime aifungue mashine aangalie.

Saa tisa kapiga. Ameifungua. "Disque iko mahali pake, Maman. Hakuna mutu aliigusa, hata vis, hizi skurubu, zina vumbi."

Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha akasema kuwepo si kuwa hai. Inawezekana imekufa. Kaitoa, kaipangusa vumbi, kairudisha — bado mashine inasema hakuna kitu. Nikamuuliza diski ikifa watu hufanya nini. Akasema kuna Wazungu wenye mitambo yao huko Ulaya. Nikamshukuru.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Kanisa limejaa mpaka nje. Nimeomba kitu kimoja tu, na sikuona haya kumsumbua Bikira kwa mambo ya kompyuta.

Mchana, Népomuscène mlangoni! Amekuja kuhesabu viti vya Jumamosi ile. Kala, kashiba, kasema: "Sasa ile machine, tuiwashe kidogo nione kama imejaa."

Nikasema iko chumbani. Akasema basi ilete. Nikasimama. Nikaenda chumbani, nikasimama katikati ya chumba kisicho na kompyuta, nikiangalia kitanda. Nilifikiria kuanguka — muuguzi anajua kuanguka vizuri. Halafu redio ya jirani ikanyamaza ghafla, na feni ikasimama. Umeme umekatika! Nikarudi sebuleni nikasema umeme umekwenda, na betri yake nayo imechoka. Akasema Burundi hii! Akachukua kofia, akaenda.

Sijawahi kuipenda kampuni ya umeme namna ile. Lakini nimedanganya siku ya Bikira Maria.

Ijumaa, 16 Agosti

Maxime: bado. Anatafuta kifaa cha kuisomea diski kwenye kompyuta nyingine, aina hii hana. Bado. Bado. Neno hilo nimelichoka.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekwenda bandarini kwa Shaabani. Ndiye peke yake aliyekuwa chumbani siku ile. Nilisema moyoni: kama mashine imekufa, basi masikio yake ni mazima. Atasimama mbele ya ukoo aseme alichosikia. Mtu mwenye swala tano, nani atambishia?

Nilimkuta penye mifuko ya saruji, anagombana na wapakuzi. Aliponiona akaacha. "Mama Amandine! Mbona umekuja mupaka huku mu vumbi?"

Nikamwambia yote. Nikamuuliza kama ana nakala. Hana, Sylvère hakutaka. "Basi, Papa Tajudini," nikamwita kwa jina la mwanawe, "wewe uniambie alichosema."

Akashika tasbihi yake. "Wallahi siwezi. Aliniapisha. Hata bibi yangu wa ndoa sijamwambia."

Nikasihi. Nimesihi kweli, mbele ya wale wapakuzi. Nikasema niambie kitu kimoja basi, alinisema vizuri?

"Alikutaja sana."

Nikapumua. Lakini hakuwa amemaliza. Alitazama boti lililokuwa linapakiwa kwenda Kigoma, akatazama viatu vyake. "Alilia, Mama Amandine. Alikuomba musamaha."

Msamaha wa nini?

Akaanza kuhesabu mifuko ya saruji. Halafu akasema, kwa sauti ya chini sana, kama machine imekufa, labda ni Mungu amesitiri. "Uache tu. Na mi nitaacha. Sitasema kitu kwa mutu, mupaka kaburini."

Sikumbuki nilivyorudi nyumbani.

Jumapili, 18 Agosti

Sikuimba leo. Mama wa kwaya kaniuliza kama naumwa koo. Nikasema ndiyo.

Msamaha! Sylvère hakuwahi kuomba msamaha, hata akikukanyaga mguu alikuwa anauliza mguu ulikuwa unafanya nini pale. Mtu huyo alie, mbele ya mwanamume mwenzake?

Kigoma. Alikuwa anakwenda na mizigo, anachelewa, anasema makaratasi. Mimi ninajua nini cha makaratasi? Alirudi amenenepa kidogo kila mara, nikafurahi kwamba huko wanakula samaki vizuri. Na lile sweta! Miaka mitatu iliyopita, ndani ya begi lake la safari: sweta la shule, la bluu, dogo, la mtoto wa darasa la kwanza au la pili. Nikauliza. Akasema ni la mtoto wa Shaabani. Shaabani ana mtoto mmoja tu, Tajudini, na Tajudini wakati ule alikuwa tayari anaendesha lori. Nililikunja vizuri, nikalirudisha begini.

Labda si kitu. Labda ni la mpwa wa mtu. Labda alilia kwa sababu ya maumivu, wagonjwa wa ini hulia, nimewaona.

Na kama ni kitu? Kama amesema mbele ya ukoo mzima kwamba yuko mtoto — wa kiume, naapa ni wa kiume! — na mama yake, na kwamba nyumba ya Kanyosha...

Siandiki zaidi. Nikiliandika litakuwa kweli.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwambia Népomuscène. Sikuwa na namna, Jumamosi imefika mlangoni. Kaja na fundi wa turubai, nikamwomba fundi akae nje kidogo. Nikasema kwa mkupuo mmoja: kompyuta haiwaki, iko Rohero, diski haionekani, nilikudanganya, si mimi niliyeiharibu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekwisha panga hata nguo zipi nichukue.

Kakaa. Kafuta uso kwa kofia. "Yoo, Mama Amandine. Juma nzima ulibeba hii yote peke yako?"

Nikaanza kulia kama mjinga. Akaniacha nilie, halafu akasema kama irage haiko, desturi iko. "Mujane anabaki mu nyumba yake. Amandine ni damu ya ndugu yangu. Mi ndiye nitasimama Jumamosi niseme, na hakuna mutu atabisha." Akatazama dari. "Na hii paa inavuja, naiangalia toka siku ile. Tungeitengeneza mbele ya watu kuja."

Paa! Alikuwa anaangalia paa!

Nikamuuliza — sijui kwa nini, mdomo wangu huu — na kama diski ikipatikana?

"Basi tutafanya vile alisema. Neno la marehemu halirudishwi nyuma. Hata kama litaniuma mi mwenyewe."

Ameondoka anawapigia ndugu simu mmoja mmoja: video imekufa, tutafuata desturi. Nimesikia akisema hivyo njiani, kwa sauti yake ya hotuba. Hakuna aliyebisha.

Jumanne, 20 Agosti

Nimelala vizuri. Niseme ukweli, nimelala kama mtoto. Nimeamka nimefua mapazia.

Nyumba ni yangu. Imekufa, na nyumba ni yangu. Yote niliyoyaogopa toka mazishi — hayapo! Mbona basi natembea taratibu ndani ya nyumba, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine?

Nilitaka kumpigia Maxime nimwambie aache, asijisumbue, nitakuja kuichukua baadaye. Nikashika simu. Nikaona nitamwambiaje mtu aache kuokoa sauti ya mume wangu? Atanionaje? Nikaiweka simu chini.

Amandine kapiga toka Gitega. Anakuja Ijumaa jioni. Kauliza, Mama, ni kweli sauti ya Papa imepotea? Nikasema ndiyo. Alilia. Alitaka kuisikia tena tu, hata akisema chochote. Sikufikiria hilo. Nilikuwa nafikiria kuta.

Jumatano, 21 Agosti

Simu ya Maxime imeita mara mbili nikiwa zamu. Sikupokea. Nilikuwa na mama wa kujifungua, lakini hata baada ya mtoto kutoka sikupokea.

Fundi wa paa amekuja. Amemaliza.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimepokea.

Maxime alikuwa anapiga kelele kwa furaha. Amegundua! Tena bila kifaa chochote. Aliangalia tarehe ndani ya mashine: ilikuwa inasema Januari 2018. Mashine haijui tuko mwaka gani!

"Maman, kuna pile ndani, betri ndogo, kama ya saa. Mashine ikikaa sana bila courant, bila umeme, ile pile inakufa. Ikikufa, mashine inasahau vitu — inasahau tarehe, inasahau hata namna ya kusoma disque. Disque iko muzima! Ni mashine ndiyo ilisahau kuiangalia. Sasa mulifanya nini, muliiacha mwaka muzima?"

Ndiyo. Mwaka mzima, ndani ya kabati, ndani ya kitenge, kwa kofuli. Kwa heshima! Kama angeiwasha mtu hata mara moja kwa mwezi, kama mtu mmoja tu asingekuwa na adabu, lisingetokea. Ukoo mzima tuliichunga mpaka ikasahau.

Nilipaswa kucheka. Sikucheka. Kasema kesho ataweka pile mpya, atarudisha ile njia ya kusoma ilivyokuwa, nije nione kwa macho yangu. Nikasema nakuja. Nikasema asante. Sauti yangu ilisema asante vizuri kabisa.

Ni hofu ile ile ya Jumatatu ya kwanza, sijui hata jinsi ya kuitofautisha. Juma lile niliogopa haimo. Sasa naogopa imo.

Népomuscène sijamwambia. Hakuna niliyemwambia.

Ijumaa, 23 Agosti

Niko dukani kwa Maxime. Naandikia hapa hapa, daftari juu ya mapaja. Niko peke yangu.

Nieleze kwa utaratibu. Utaratibu unanisaidia.

Pile imewekwa. Tarehe ni ya leo. Maxime kaingia mahali fulani ndani, ukurasa mweusi wenye maandishi meupe, kabadilisha kitu kimoja, kahifadhi. Ile clé yake ilikuwa bado imechomekwa, kwa hiyo mashine ikaanza tena maswali yale yale ya kuweka Windows. Lugha. Saa. Masharti. Na pale palipokuwa peupe, tupu, leo pana mistari mitatu. Disque 0. Ukubwa wake. Iko!

"Iko, Maman! Iko!" Kanishika bega. Nikasema iko.

Kasema tukitoa clé na kuiwasha upya, inaelekea Windows ya zamani itaamka yenyewe na video yote. Lakini toka siku ile hataki tena kubahatisha. Anataka kwanza kunakili kila kitu. Kaenda kuazima diski ya nje kwa mwenzake wa ghorofa ya juu. Kabla hajatoka kanionyesha kwa mshale wa skrini: "Usiguse kitu. Ukibonyeza hii Supprimer, hii ya kufuta, kisha ukubali, vyote vimekwenda, na sitaweza kuvirudisha." Halafu akatoka. Ananiamini. Mimi ndiye mjane, nani mwingine angeitunza?

Umeme umekatika, mashine iko kwenye betri yake. Chini wanauza vitambaa, nasikia mtu anabishana rangi.

Nani angejua? Népomuscène amekwisha waambia wote imekufa. Wamekwisha kubali. Shaabani ataingia nayo kaburini, kaapa. Maxime ningemwambia nimegusa bahati mbaya, mama wa watu, mikono ya uzee — angenihurumia, angejilaumu yeye kwa kuniacha. Kesho Népomuscène atasimama na sauti yake ile, atasema nyumba ni yangu, watu watapiga makofi. Paa limetengenezwa.

Na Amandine yuko njiani. Anataka kuisikia sauti tu, hata akisema chochote. Chochote! Hajui anachoomba.

Halafu naye yule. Kama yuko. Atakuwa na miaka tisa, au kumi. Nimepokea watoto wengi ambao hakuna baba aliyekuja kuwaangalia, nimewafunga vitenge vya mama zao, nikawalaani wale baba kimoyomoyo, mmoja mmoja. Sylvère angalau alisema. Alisubiri mpaka hana nguvu ya kusimama, lakini alisema, na alilia. Mimi ndiye nimekaa mbele ya hicho alichosema.

Lakini labda si hilo! Labda msamaha ni wa jambo jingine, dogo, la kijinga. Labda anasema nyumba ni ya mke wangu Dorothée, na asinyanyaswe, na ninyi mheshimuni. Labda nitafuta jina langu mwenyewe. Hilo ndilo linanitesa. Sijui nafuta nini.

Kwa nini hukuniambia mimi, Sylvère? Nilikuwa jikoni! Hatua chache! Uji ulikuwa mkononi!

Naogopa mkono wangu wa kulia. Ndiyo maana nimeupa kalamu. Ukiwa na kalamu una kazi. Mradi naandika, hakuna kinachotokea, kwa hiyo naandika, hata kama sina la kuandika. Maxime bado. Juu viti vinasogezwa, watu wanacheka. Naandika jina langu, Dorothée. Naandika Amandine. Jina la yule silijui. Limo humu ndani, mbele yangu, Sylvère analitamka.

Mshale Maxime aliuacha juu ya lile neno, pale pale alipokuwa ananionyesha. Sikuweza kuutazama. Nimeusogeza pembeni kidogo, kwa mkono wa kushoto.

Hatua kwenye ngazi. Anashuka. Anaimba.

Mkono wa kushoto bado uko pale juu ya mashine. Wa kulia unaandika.